Barua za Kocha Oyler

Asubuhi ya Jumatano moja ya Novemba, msichana mrefu, mpana wa mabega, aliingia ofisi ya riadha ya Chuo cha Harlan Ridge, Nebraska. Alikuwa na begi mgongoni na boksi la kolache, vimkate vitamu vya jamu alivyooka bibi yake.

"Nimekuja kusaini kujiunga na timu," alimwambia mwanamke aliyekuwa mezani. "Mimi Jolene. Jolene Kubik, wa kurusha tufe."

Mwanamke huyo, Kocha Bridget Oyler mwenyewe, alimkazia macho. "Samahani, binti. Tunajuana?"

Jolene akacheka, akidhani ni utani. Akatoa simu na kumwonyesha barua pepe mia mbili na kumi na tatu, zote zimeandikwa chini yake: Kocha Bridget Oyler. Kocha akasoma nne. Ya tano hakuimaliza. Akawapigia polisi.

Mpelelezi Wendell Vrana alikuwa na miaka ishirini na sita kazini. Alishashughulikia wizi wa magari, wa ng'ombe, hata wa kengele ya kanisa. Hakuwahi kufungua jalada ambalo mwenye kuibiwa hajui aseme kimeibwa nini.

"Nani alianza kumwandikia mwenzake?" aliuliza.

"Mimi. Niliwaandikia makocha arobaini. Niliwatumia video, alama za darasani, umbali ninaorusha. Walijibu wawili tu. Mmoja wa chuo kidogo kule Kansas, mwingine yeye."

"Na wa Kansas?"

"Alinipa nafasi na nusu ya karo. Nikamwambia asante, nimeshapata kwangu. Nafasi hiyo ameshampa mtu mwingine."

"Huyu wa kwako mliwahi kuongea kwa simu?"

"Alisema sheria hazimruhusu."

"Sheria gani?" Kocha Oyler alifoka. "Tunaruhusiwa kuwapigia tangu wakimaliza kidato cha pili! Kocha anayekutaka atakupigia mpaka umchoke!"

Vrana akaitazama ile anwani. Jina la chuo lilikuwa na herufi moja ya ziada. Akashusha sauti.

"Aliwahi kukuomba pesa? Picha? Mkutane mahali?"

"Hapana. Leo nimekuja bila kumwambia, nilitaka kumshtukiza." Msichana akafikiri. "Alikuwa ananiuliza kama nimekula."

Siku mbili nzima Vrana alizisoma zile barua. Sajini Dushek, kijana wa mambo ya mtandao, alimletea kahawa na mashaka.

"Afande, matapeli wa hivi wote huwa wanataka kitu. Huyu anataka nini?"

"Jolene anamwandikia kila jioni," Vrana alijibu. "Anamweleza mtihani wa kemia, meno ya bibi yake, kijana aliyemkataa. Naye anamjibu neno kwa neno. Tazama hii."

Dushek akasoma kwa sauti: "Raundi ya nne ya mashindano pale Bellwick uliteleza, ukainuka unacheka. Hapo ndipo nilipojua wewe ni mrushaji."

Vrana akampigia Jolene. "Video ya Bellwick ulimtumia?"

"Nimtumie kocha video nikianguka? Nilikuwa nimerogwa? Nilikata kipande hicho."

"Basi aliona kwa macho yake. Nani walikuwepo?"

"Mvua ilikuwa inanyesha. Watu kama kumi hivi, wengine wamebaki ndani ya magari yao."

Siku ya tatu, kampuni ya barua pepe ilitii hati ya mahakama. Simu iliyotumika ilikuwa ikipata mtandao kwenye vituo vya malori kando ya Barabara Kuu ya Themanini. Leo mashariki, kesho magharibi.

Vrana alimpigia mama wa msichana, Renata.

"Mama, kuna mtu mnayefahamiana naye anaendesha malori ya masafa?"

"Yupo mmoja. Nimezaa naye."

"Baba yake Jolene?"

"Dale. Alituacha miaka mitatu iliyopita, akafuata mwanamke, na mwanamke naye akamwacha. Jolene hataki hata kumsikia. Zawadi zake anazirudisha na utepe wake."

"Ni mtu wa kuandika barua?"

Renata akaguna. "Dale? Huyo hata kadi ya Krismasi nilikuwa namwandikia mimi, yeye anaramba stempu!"

Walimkuta kwenye maghala ya mahindi, akisubiri zamu ya kupakia. Hakuuliza amekosa nini. Alizima injini, akashuka, akawafuata.

Katika chumba cha mahojiano, Vrana aliweka kinasa sauti mezani.

"Unamfahamu Bridget Oyler?"

"Sijawahi kumwona."

"Umejifanya yeye miezi kumi na minne."

Dale Kubik alikuwa jitu la mtu, mwenye viganja kama koleo. Akavitazama.

"Ndiyo."

"Kwa nini yeye?"

"Jolene aliweka mtandaoni ile barua aliyomwandikia. Akasema, niombeeni anijibu. Nikamwona kila siku anaandika: bado. Bado. Bado." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nikasema nitamwandikia moja tu, ya kumtia moyo. Nimwambie tufe linataka subira. Hata mimi nilirusha zamani. Nikaituma."

"Akajibu."

"Baada ya dakika nne! Mwanangu, ambaye nimemwandikia mwaka mzima kwa jina langu nisipate hata nukta. Akaniambia siku yake ilivyokwenda. Afande, nilisimamisha lori pembeni nikalia kama mtoto."

"Ungeishia hapo."

"Kila safari nilisema leo ndiyo mwisho. Halafu nafika kituoni, nakuta ameshaandika. Ananingoja."

"Alipokwambia amekataa Kansas?"

Dale akageuza uso, asikitazame kinasa sauti.

"Niliandika ukweli mara tano, nikafuta mara tano. Nikimwambia, Kocha Oyler anakufa na mimi nazikwa naye. Nilijipenda mimi kuliko yeye. Andika hivyo."

Vrana akaandika hivyo. Akamfungulia shtaka la kujifanya mtu mwingine.

Jolene alikuwa nje kwenye benchi na mama yake. Vrana alimweleza yote bila kumficha. Alimpa pia ujumbe wa Kocha Oyler: umbali wake bado haujatosha, hawezi kumwahidi kitu, ila akimwandikia yeye mwenyewe atamjibu, na atampigia.

Msichana aliomba kumwona baba yake. Renata akataka kumzuia, kisha akamwachia mkono.

Dale aliposikia mlango aliinuka nusu, akarudi kukaa. Jolene akasimama mbali naye, Vrana mlangoni.

"Ungekuja ukagonga mlango," alisema.

"Nilikuja. Mara mbili. Ulimwambia mama yako aseme hupo."

Jolene hakukana.

"Kuikosa Kansas nitavumilia," alisema. "Yule kocha ndiye niliyempenda, Baba. Kila kitu nilimwambia yeye. Sasa jioni nitamwandikia nani?"

Dale alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo, na kila mtu chumbani alilijua. Lakini hakuthubutu kulitamka, na binti yake hakumsaidia.