Pipa la Mifuko ya Rambo

Kila alipotoka shule, Nyamizi wa darasa la sita alipitia soko la Bariadi kumbebea ng'ombe wao maganda ya viazi. Mapipa yalikuwa mawili: moja la maganda, jingine la takataka. Tangu maduka yajae bidhaa, mifuko ya rambo, ile ya plastiki, ilizagaa kila kona, hata ndani ya maganda. Rambo za chumvi ndizo zilizokuwa hatari, maana ng'ombe huzilamba hadi kuzimeza.

Wiki moja ng'ombe wao alikufa. Alipopasuliwa, tumboni likatoka bonge la rambo. Mdogo wake Nyamizi, aliyekuwa akinyweshwa maziwa ya ng'ombe huyo, alilia njaa usiku kucha.

Nyamizi alimwendea Kwandu, muuza chumvi jirani na mapipa. "Mama, rambo zako zimetuulia ng'ombe!"

Kwandu akacheka. "Kwani hana macho? Mngemvalisha miwani!"

Kicheko kile kilimchoma. Nyuma ya duka Kwandu alikuwa amefunga ndama wake. Kwandu naye alie, Nyamizi aliapa moyoni.

Kesho yake aliokota rambo tatu za chumvi, akazifunika kwa maganda, akamsogezea ndama. Ndama akatoa ulimi, akavuta moja, akaanza kutafuna huku akimtazama. Nyamizi akamhurumia, akaingiza mkono kinywani mwa ndama, akaivuta rambo kwa nguvu zote.

"Unamfanya nini ndama wangu?" Kwandu alifoka mlangoni.

"Nilitaka afe kama wetu. Nimeshindwa."

Kwandu aliutazama mfuko uliojaa mate. Ulikuwa wa duka lake. Safari hii hakucheka. "Nisamehe, binti. Mapipa yale yanafanana. Nikiwa na haraka natupa popote."

"Basi tuyatofautishe! Na wewe ndiye utakayeyachungulia kila jioni."

"Nimekubali."

Jumamosi fundi Nyanda alilikata pipa la maganda nusu, likawa wazi kama beseni, ili kinachotupwa kionekane na wote. Pipa la pili, la rambo peke yake, alilitia kifuniko chenye tundu la kupitisha ngumi, wakaliweka mlangoni kwa Kwandu. Takataka nyingine zikachimbiwa shimo. Mwezi ukaisha, na Kwandu hakukuta rambo hata moja kwenye maganda.

"Mayu, bado nina hasira naye," Nyamizi alimwambia mama yake.

"Hata mimi ninayo, mwanangu. Namwomba Mungu kila siku aniondolee. Lakini ndama hakutukosea. Anayekukosea mwambie usoni, kisha mfanyishe kazi ya kurekebisha kosa lake. Hasira kaa nayo, ila usiikabidhi mikono yako."