Vichwa vya Kambale wa Mferejini

Kambale watamu kuliko wote duniani wanavuliwa kwetu, uwanda wa Ruzizi. Dunia yenyewe sijaizunguka: nimefika mpaka wa Bujumbura mara mbili tu, na mara ya pili nilirudishwa. Lakini Délice, mtoto wa darasa la sita, angenitetea, maana yeye aliwavua kila siku.

Akitoka shule alibadili sare, akabeba beseni na kushuka kwenye mfereji unaotoa maji katika mashamba ya mpunga. Aliuziba kwa udongo mbele na nyuma, akachota maji ya katikati mpaka yakabaki matope, na humo kambale wakajipigapiga. Yule mkubwa alikuwa wa dada yake Félicité, mwenye mimba ya miezi saba.

Siku hizo ziwa lilikuwa limefungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Emery, mume wa Félicité, ni mvuvi, kwa hiyo alikuwa amekwenda Uvira kubeba mizigo. Na ile mimba ilikuwa na kiburi: ilikataa ugali, ikakataa maharage, ikakataa hata harufu ya mawese. Ilikubali kitu kimoja tu, kichwa cha kambale.

"Mdogo wangu, bila weye huyu mtoto angezaliwa analia njaa," Félicité alisema huku akifyonza mifupa. Délice akawa anatembea kijijini kama chifu.

Basi Jumatatu moja Mwalimu Ndikumana akachora samaki ubaoni. Alieleza kwamba mbolea na dawa za mashamba, pamoja na betri kuukuu zinazotupwa ovyo, zinaweza kuacha metali nzito majini: risasi, zebaki, kadimi. Samaki wa matopeni huzila pamoja na chakula chake, nazo hujikusanya mwilini mwake.

"Anayemla huyo samaki anazirithi," alisema. "Huzioni, huzinusi. Zinadhuru figo, zinadhuru ubongo wa mtoto, hata yule aliye bado tumboni."

Délice aliuona ule mfereji wake kama uko mbele yake: wanaume wanasuuza pampu za dawa, na chupa zao zinaelea kando ya beseni lake.

Alasiri hiyo alirudi mikono mitupu.

"Leo hakuna?" Félicité aliuliza.

"Hakuna, yaya," Délice alimjibu dada yake.

Félicité akajaribu uji, akautapika, akageukia ukuta. Kesho yake ikawa vilevile. Mkono wake ulikuwa umekonda, bangili ikimteleza hadi kwenye kiwiko.

Jumatano Délice akarudi mferejini. Alimchemsha kambale mara tatu na kumwaga maji mara tatu, akamkamulia ndimu nne, mpaka samaki akawa kama pamba iliyonyeshewa.

"Huyu iko wa ziwani, yaya. Nimepewa na mama mmoja barabarani."

Félicité alimtazama kidogo, kisha akala. Délice akaweka sikio kwenye tumbo la dada yake. Kimya. Akahesabu pumzi zake mwenyewe, kumi, ishirini. Ndipo mtoto akampiga teke la sikio, naye akakimbilia nje kulia.

Alhamisi ilikuwa siku ya wajawazito kwenye kituo cha afya, na Délice alimsindikiza dada yake. Mama Bernardine, muuguzi, alimpima Félicité uzito, akatikisa kichwa.

"Unakula nini, mama?"

"Samaki wa ziwani!" Délice alidakia.

"Wa ziwani?"

"Ndiyo, mama. Wa jana, wabichi kabisa."

"Ziwa limefungwa tangu mwezi uliopita. Huyo mvuvi wako anavua ndani ya birika?"

Wanawake wote kwenye benchi walicheka. Délice hakucheka. Machozi yalitoka pamoja na maneno: mfereji, pampu, maji matatu, ndimu nne.

Mama Bernardine akaacha kucheka.

"Mwanangu, risasi si minyoo. Haifi motoni, wala haiogopi ndimu."

Akaweka pembe ya kusikilizia juu ya tumbo la Félicité, akasikiliza muda mrefu. Délice alimkodolea macho usoni.

"Moyo unapiga vizuri," alisema mwishowe. "Lakini moyo hauniambii yote. Nitamwandikia daktari wa Uvira, aendelee kumpima. Kambale wa mferejini mwisho leo. Nitakupa dawa ya kichefuchefu, mama, na utakula kidogo kidogo: yai, mboga ya lengalenga, ndagala wakavu waliovuliwa kabla ziwa halijafungwa."

Kisha akamgeukia Délice, akampangusa uso kwa pembe ya kitenge chake.

"Ulimhurumia dada yako, najua. Ila uliona hatari ukaificha, na aliyekula siri yako ni mtoto asiye na mdomo wa kukataa. Ungenijia Jumatatu, dada yako angekuwa ameanza dawa Jumatatu. Mficha uchi hazai, mwanangu. Humu ndani tunasaidia kwa ukweli tu."

"Ndiyo, mama."

"Haya." Muuguzi akashika kalamu. "Mama Félicité, niandike. Tangu ziwa lifungwe umekula vichwa vingapi?"

Félicité akatazama dari. "Aa, viwili tu. Labda vitatu. Tena vilikuwa vidogo."

Délice akaanza kuhesabu vidole vya mkono wa kushoto. Vikaisha. Akahesabu vya kulia, navyo vikaisha. Basi akauchukua mkono wa dada yake, akaukunjua kidole kimoja kimoja, akaendelea.