Wa Kupigiwa Ukianguka

"Toa mkono, bwana. Umeishikilia saa hiyo tangu niingie."

"Basi nimekutangulia."

"Kushika si kununua. Unanunua?"

"Nafikiria."

"Fikiria mikono ikiwa mfukoni. Mimi nina mikate tanurini."

Duka la Dufie pale Adum, katikati ya Kumasi, lilikuwa limejaa watu waliokuja kununua simu na watu waliokuja kukimbia jua, na wote waligeuka kutazama. Mwanamke aliitwa Pokuaa, mwenye tanuri la mikate kule Asafo. Alivaa gauni la kitenge cha kijani lenye alama ya unga begani, na kilemba kilichofungwa kwa haraka. Mwanamume aliitwa Ntiamoah. Alikuwa mrefu, shati lake jeupe la kitani limepigwa pasi mpaka likasimama, na viatu vyake vyeupe havikuwa na vumbi, jambo ambalo katika mji ule ni kazi ya mtu asiye na kazi nyingine. Kati yao palikuwa na saa janja moja, ile ya mkononi inayopokea hata simu, ya mwisho dukani.

"Sikiliza, dada, nakusaidia tu," alisema Ntiamoah. "Septemba inatoka mpya. Inapima presha. Ukichukua hii leo utajuta."

"Na Septemba ikifika utaniambia kuna nzuri zaidi mwakani."

"Huenda ikawepo."

"Dufie, nifungie hii. Huyu Bwana Septemba muuzie kalenda."

Duka zima lilicheka. Ntiamoah naye akacheka, akaiachia saa. Sauti ya kicheko chake ilimshangaza mwenyewe.

Dufie, mwenye duka, alianza kuiandaa saa pale pale juu ya kaunta. Aliandika jina, umri, uzito. Kwenye uzito Pokuaa alidanganya bila haya.

"Inauliza, ukianguka usiinuke, impigie nani?"

"Binti yangu, Nyarkoa." Hata hakuinua macho.

Ntiamoah aligeuka, akatazama barabarani.

Swali hilo ndilo lililokuwa likimfukuza dukani kila mara. Saa yake mwenyewe ilikuwa imechoka. Mkanda ulifungwa kwa uzi, chaji ilikwisha kabla ya adhuhuri. Kila alipopita Adum aliingia, akashika saa mpya, akaizungusha kwenye mwanga, kisha akasema atasubiri ile ya presha. Pesa alikuwa nazo. Alichokosa ni jina la kujibu. Mkewe alibaki Bologna, Italia, na mwanamume mwingine. Mama yake alifariki mwaka ule ule aliorudi Ghana. Dada yake naye yuko huko huko Bologna, na Ntiamoah akianguka Kumasi, dada atafanya nini zaidi ya kulia kwa Kiitaliano? Kwenye saa ya zamani, alipolifuta jina la mke, hakutaka nafasi ibaki tupu. Akaandika namba ya simu yake mwenyewe ya pili.

"Wewe unayejua sana vitu hivi," alisema Pokuaa akiivaa saa yake, "nipe namba. Ikinisumbua, nakusumbua."

Saa haikumsumbua hata siku moja, lakini alipiga.

"Bwana Septemba, nakupigia mikono ikiwa kwenye unga. Naongea na kifundo changu cha mkono kama mwehu."

"Nakusikia. Unahema kama unapigana na mtu."

"Napigana na unga. Umekula?"

Ntiamoah alikitazama kikombe chake. Swali hilo nalo lilikuwa limemkalia mbali miaka mingi. "Nimekula."

"Nini?"

"Chai."

"Chai si chakula, mpenzi. Ni maji yaliyochanganyikiwa."

Neno 'mpenzi' lilimponyoka. Wote wawili walilisikia, na hakuna aliyelirudisha. Tangu siku hiyo Ntiamoah alipitia tanurini jioni, akiwa na shati jipya kila mara, akaondoka na mkate wa moto na unga kwenye mikono ya shati.

Pokuaa naye hakuwa na watu wengi. Mume alikwisha kufa, Nyarkoa alikuwa chuoni Cape Coast na hupiga simu akiishiwa. Wafanyakazi wakienda zao, Pokuaa hubaki na tanuri linalopoa. Saa ikimtikisa mkono na kumwambia asimame atembee kidogo, huijibu, "Niende wapi?"

Jumapili moja asubuhi alikwenda nyumbani kwa Ntiamoah na muhogo, ndizi za kupika na nyama ya mbuzi ya mchuzi. Ilikuwa nyumba ya vyumba vinne, iliyojengwa kwa jasho la Ulaya. Vyumba vitatu vilikuwa na magodoro ambayo bado yako ndani ya plastiki.

"Unamngoja nani alale humu?"

"Wageni."

"Wageni gani?"

"Wewe umekuja."

"Mimi sikuja kulala. Shika mchi."

Fufu, ule ugali wa muhogo na ndizi zilizochemshwa na kutwangwa, inataka watu wawili, mmoja atwange, mwingine ageuze. Ndiyo maana Ntiamoah, tangu arudi, alikula ya kununua tu, iliyofungwa kwenye mfuko.

"Polepole! Ukinivunja vidole utaoka mikate mwenyewe."

"Nitaoka na kukulisha."

"Utanilisha makaa. Twanga!"

Mchi ulishuka, mkono wa Pokuaa ukaingia na kutoka kinuni, na kwa muda ule nyumba ilikuwa na sauti kama nyumba za watu. Ntiamoah alitwanga kwa furaha, kwa nguvu zake zote, na saa ya zamani kifundoni mwake ikaamini mwenye mkono ule anaanguka. Ikamtikisa kumuuliza. Hakusikia. Ikapiga simu.

Ndani ya nyumba kitu kilianza kulia, mlio mkali wa king'ora. Ntiamoah aliuacha mchi, akakimbia. Pokuaa alimfuata akiwa na fufu viganjani, akamkuta chumbani anaikandamiza simu chini ya mto. Simu asiyoijua.

"Simu ya nani hiyo?"

"Yangu."

"Yako iko nje mezani."

"Ninazo mbili."

"Kila mtu Kumasi ana mbili. Haifichi chini ya mto. Nani anapiga?"

Kusema ukweli kulihitaji pumzi moja tu: ninajipigia mwenyewe, kwa sababu sina mtu. Aliitafuta pumzi hiyo, akaikosa. Mwanamume aliyejenga vyumba vinne atasemaje maneno hayo mbele ya mwanamke anayemtaka?

"Hakuna mtu," alisema.

"'Hakuna mtu' anapiga simu siku hizi? Ana bidii kweli." Pokuaa alifuta viganja kwenye khanga yake. "Mchuzi uko jikoni. Mkaribishe huyo 'hakuna mtu' mle naye."

Akaondoka.

Ntiamoah alipiga asubuhi, akapiga jioni. Jina lake liliwaka kwenye kifundo cha Pokuaa, naye akakilaza kifundo kwenye unga mpaka likazima. Baadaye simu zikapungua. Kisha zikaisha, na saa ikabaki na habari zake za zamani tu, simama, tembea, pumua. Pokuaa aligundua kwamba anautazama mkono hata usipotikisika.

Kule kwa Ntiamoah kinu kilibaki uani. Fufu iliyoachwa ndani ilikauka ikashika kuta, mvua ikakijaza maji. Hakukiosha. Alikula amesimama, kutoka kwenye mfuko, na simu ya pili ilikaa mfukoni mwake kama jiwe.

Septemba ilifika. Mkanda wa saa ya Pokuaa uligusa mlango wa tanuri ukayeyuka, akaenda Adum kununua mwingine. Dukani palikuwa na foleni, maana saa mpya zilikuwa zimeingia. Mbele kabisa, kwenye kaunta, aliuona mgongo anaoujua. Shati lilikuwa halijapigwa pasi.

Pokuaa alisogea ukutani asionekane.

"Bosi, hatimaye," alisema Dufie. "Presha inapima, usingizi inapima. Leo huna pa kukimbilia. Haya, ukianguka, impigie nani?"

"Andika namba yangu."

"Yako si ndiyo hii?"

"Ninayo nyingine. Hata kwenye ile ya zamani niliweka hiyo."

Dufie aliacha kuandika. "Bosi, ukianguka, utajipokelea mwenyewe?"

Watu wawili watatu walicheka. Ntiamoah hakucheka. "Andika tu, tafadhali."

Dufie aliandika, akabonyeza kuijaribu. Mfukoni mwa Ntiamoah kitu kikaanza kulia. Ulikuwa mlio mkali wa king'ora.

Pokuaa aliujua. Alikuwa ameusikia akiwa na fufu viganjani.

Akaipita foleni. Aliyelalamika alitazamwa mara moja akanyamaza.

"Jumapili ile. Ilikuwa hii?"

Ntiamoah aligeuka. Uso wake ulikuwa umekonda. "Saa ilidhani nimeanguka. Sababu ya kutwanga."

"Na ukaniacha niende."

"Ningesema nini, Pokuaa? Kwamba nina umri huu, na kitu kikinipata hakuna wa kupigiwa?"

"Ndiyo. Ungesema hivyo hivyo. Maneno machache."

"Niliona aibu."

"Na mimi nimelala na hasira ya mwanamke asiyekuwepo. Nimemchora akilini mpaka nywele!" Akamvuta kola ya shati. "Mjinga wewe."

"Ndiyo." Akamgeukia Dufie. "Iache. Nitasubiri ya mwakani."

"Hiyo ya zamani inazima saa ngapi?" Pokuaa aliuliza.

"Kabla ya adhuhuri."

"Kwa hiyo ukianguka alasiri ndiyo basi? Lipa."

"Pokuaa..."

"Lipa, mpenzi, watu wanangoja."

Akalipa. Pokuaa aliegemea kaunta, akamtajia Dufie namba yake polepole, kisha akaitazama ikiandikwa, asije akakosea.

"Inauliza uhusiano," alisema Dufie. Foleni nzima ilikuwa imesogea kusikiliza. "Mzazi, ndugu, rafiki, mke..."

Ntiamoah alifungua mdomo. Pokuaa hakumngoja.

"Andika mke. Na wewe Jumamosi uende kwa mjomba wangu na chupa ya kinywaji cha posa, ubishe hodi kama watu wenye adabu. Usipokwenda, nitakuja hapa kufuta."

"Nitakwenda."

"Dufie, ijaribu."

Dufie akabonyeza. Saa iliyoungua mkanda ilitetemeka mkononi mwa Pokuaa, na jina likawaka. Aliupandisha mkono mdomoni akapokea, ingawa Ntiamoah mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, karibu kiasi cha kumfuta jasho.

"Nimesikia," alisema. "Nakuja."

Simu ya pili, mfukoni mwa Ntiamoah, haikulia.