Ekseli Fupi

Kila asubuhi binti alisimama nyuma ya geti, ameshika baiskeli, akisikiliza. Wenzake wa darasani walipita kwa baiskeli zao wakicheka na kupigiana kengele. Aliwangoja wapotelee mbele, ndipo naye akatoka peke yake, na baiskeli yake ikaanza wimbo wake: kwaru, kwaru, kwaru.

Ilikuwa baiskeli ya kaka yake. Kaka alipopata kazi mbali, alimleta kwa shangazi yao na kumwachia baiskeli hiyo aitunze. Mtaa ulikuwa mgeni, shule ngeni. Hata paka wa jirani alimtazama kwa mashaka. Alimkumbuka sana kaka yake, na jioni, shangazi akiwa bado kazini, nyumba ilimwelemea.

Pedali zilipoanza kucheza, binti hakumuuliza mtu. Alifungua ekseli iliyolika, kile chuma kinachounganisha mikono miwili ya pedali, akatia nyingine aliyoitoa kwenye baiskeli mbovu iliyotupwa stoo. Vikombe vinavyoishika ndani ya fremu viliikubali, gololi zikakaa, naye akajiona fundi. Kumbe ekseli ile ilikuwa fupi kidogo. Mkono wa pedali ulisogea ndani, na sahani ya meno inayoshika mnyororo ikawa inakwaruza bomba la fremu.

"Imekubali, mwanangu?" shangazi aliuliza.

"Imekubali, shangazi," alijibu, macho chini.

Aliona aibu. Aliogopa kaka asije akaambiwa, na wenzake wasije wakamcheka. Basi akawa anatembea na aibu yake, wa mwisho kwenda na wa mwisho kurudi.

Siku moja, wakati wa kutoka shule, msichana wa darasani kwao waliyemwita Mapengo alimfikia kwa nyuma.

"Baiskeli yako inalia."

"Ndivyo ilivyo."

"Acha bwana. Baiskeli gani inalia hivyo? Twende kwa fundi, mimi nitakusindikiza."

Binti alitaka kukataa, lakini tangu ahamie hapo hakuna aliyewahi kumwambia twende. Akamfuata.

Fundi aliipindua baiskeli, akazungusha pedali, akasikiliza. "Ekseli hii ameitia nani?"

Jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni: niliikuta hivyo. Mapengo alikuwa anamtazama. Binti akamgeukia fundi. "Mimi, fundi. Niliitoa kwenye baiskeli nyingine."

"Afadhali umesema. Ningeshinda hapa natafuta ugonjwa usiokuwepo. Hebu lete kidole."

Akakiweka kidole cha binti juu ya bomba. Meno yalikuwa yamechimba mfereji kwenye chuma. "Ingeendelea, bomba lingekatika ukiwa barabarani," fundi alisema. Binti alifikiria fremu ya kaka yake imekatika vipande viwili, machozi yakamtoka.

"Usilie, bado hayajaingia sana." Fundi alipima upana wa fremu pale vikombe vinapokaa, kisha akachambua ekseli kwenye kopo lake. "Kuingia tu hakutoshi. Lazima ilingane na fremu, ilingane na mikono ya pedali pia." Ya kwanza ilikuwa ndefu mno, mnyororo ukaenda upande. Ya pili ilikaa. Kati ya meno na bomba palipita penseli. Akapiga msasa pale palipochimbika, akapaka rangi pasishike kutu.

Binti alipofika nyumbani, shangazi alikuwa ameketi kibarazani, viatu vya kazi bado miguuni. Binti alimweleza yote, hata ule uongo, bila kuruka neno.

Shangazi alisogea kumpa nafasi ya kukaa. "Nilikuwa naisikia kila asubuhi inavyokwaruza. Nikasema nitangoja uniambie mwenyewe. Nilipaswa kukuuliza tena."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Kukosea ekseli ni kitu cha kawaida, hata mafundi hukosea. Lakini sikiliza, mwanangu. Humu ndani tuko wawili tu. Ukinificha jambo, unabaki peke yako, na mimi unaniacha peke yangu."

Binti alipiga magoti mbele yake. Aliinama, akaanza kumfungua shangazi yake kamba za viatu.