Jina la Holloway Lilivunja Nyumba Yangu

Naitwa Sau, nina miaka thelathini na tatu. Ni mzaliwa wa Tanga, na sasa naishi Westmead, hapa Sydney, na mwanangu wa pekee, Yusuf. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee wasiojiweza. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani. Mikono yangu haijawahi kumwonea mtu kinyaa. Lakini nilionewa kinyaa mimi... na watu niliowaita baba na mama.

Mume wangu aliitwa Greg Holloway. Ndiyo, Mzungu wa hapa hapa, fundi umeme. Alikuja kurekebisha taa katika nyumba ya wazee nilikokuwa nikifanya kazi. Yeye yuko juu ya ngazi, mimi niko chini na sinia la chai, akaniuliza kama kuna kikombe cha ziada. Kilikuwapo... Laiti ningesema hakipo!

Alisilimu, akaposa kwa adabu, na ndoa ikafungwa Liverpool, mtaa mwingine wa hapa hapa Sydney, nyumbani kwa Bi Zuhura, mama wa Kimombasa aliyenipokea nilipofika nchi hii na ambaye ndiye aliyekuwa somo yangu, kungwi wangu. Greg alijifunza kusema shikamoo. Kila akiitamka, Bi Zuhura aliitikia huku akicheka, "Marahaba, baba! Mkwe wangu huyu ana ulimi wa kasuku!"

Kabla ya harusi, Bi Zuhura alinifungia chumbani, akanifunda kama tunavyofundwa kwetu pwani. Katika yote aliyonifunza, nilishika neno moja kuliko mengine. Alisema mwanamke wa heshima haapi mbele za watu kwa mambo ya chumbani kwake. Akizuliwa, ananyamaza. Mumewe ndiye anayesimama kumjibia, na jibu la mume ndilo linalofunga midomo ya watu.

Nililimeza neno hilo kama dawa. Sikufikiri kwamba mume mwenyewe hakuwa amefundwa!

Baba mkwe wangu, mzee Ron, alikuwa dereva wa treni mstaafu. Aliishi Quakers Hill na mkewe, Joyce. Tangu astaafu, dini yake ilikuwa jina lake. Alinieleza mara ngapi! Kwamba holloway ni njia ya kale ya mashambani Uingereza, iliyokanyagwa na miguu na magurudumu mpaka ikadidimia ardhini kama mfereji, na miti ikaifungia paa juu. Kwamba wa kwanza kuitwa hivyo aliishi kando ya njia kama hiyo. Na kwamba mmoja wa uzao wake aliiba kondoo, akaletwa Sydney kwa minyororo, enzi Waingereza walipokuwa wakiwatupa wafungwa wao huku. Kwetu mwizi wa kondoo angefichwa. Kwao alitundikwa sebuleni kwenye fremu!

Ron alijiunga na chama cha watu wenye jina hilo. Walikuwa wakipima vinasaba, kwa sababu ipo sehemu ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume peke yake, kama anavyomrithisha jina. Wenzake chamani walimwambia kwamba njia za aina ile zilikuwa nyingi, na jina lilizuka mahali pengi kwa watu wasio na undugu wowote. Hakutaka kusikia. Akapima, akalingana na Holloway mmoja wa kijijini Uingereza, akalia kwa furaha kama mtoto.

Akataka Greg naye apime. Joyce akawa anamkataza mwanawe, akisema ni upuuzi wa wazee wasio na kazi. Greg akamsikiliza mama yake. Mimi nilimwona Joyce kuwa mwanamke mwenye busara...

Basi Ron akaruka kizazi kimoja.

Jumamosi moja nilipokuwa kazini, Yusuf, aliyekuwa ametimiza miaka sita, alishinda kwa babu yake. Aliporudi akanieleza kwa Kiingereza chake kwamba babu amemsugua shavu kwa ndani na kipande cha pamba, na amesema sasa atakuwa Holloway kamili. Nilicheka. Nilicheka, jamani! Nikamwambia avue viatu aje ale.

Majibu yalisomwa siku ya kuzaliwa kwa Ron. Tulikuwa uani, nyama ikichomwa, ndege wakipiga kelele kwenye mti wa jirani. Ron alisimama, simu mkononi, uso umemvimba. Alisema yule mtoto hana chembe ya Holloway. Hana hata kidogo. Kisha akanielekezea kidole, akasema tangu alipomwona mtoto hospitalini, alivyo mweusi kumzidi baba yake mara mia, moyo wake ulimwambia.

Joyce alikuwa ameshika bakuli. Akauliza nani anataka kuongezewa saladi.

Nikamtazama Greg. Nikangoja. Ndiye mume, ndiye wa kunijibia! Nilimwona akifungua mdomo, na nafsi yangu ikatulia kabisa, kama mtu aliyeona mlango wa kwake...

"Ni wa nani?" aliniuliza.

Mbele yao! Mbele ya mtoto!

Nilinyamaza. Ulimi ulikuwa na maneno, lakini nilifundwa kwamba kuapia kitanda changu uani kwa watu ni kukitoa kitanda hicho nje. Nilichukua mkoba, nikamshika Yusuf mkono, tukaenda stesheni kwa miguu. Hakuna aliyetufuata.

Sasa niulizeni ninyi mnaonisoma: kati ya babu na mjukuu kuna wanawake wangapi? Wawili! Mkewe babu na mkewe mwana. Mbona macho yote yalimrukia wa pili? Mbona hakuna hata mmoja aliyemgeukia wa kwanza? Mimi mwenyewe sikumgeukia. Joyce, niliyemwogesha kwa mikono hii alipovunjika nyonga! Niliyemchana nywele!

Greg alihamia kwa wazazi wake. Bi Zuhura alimpigia simu, akamwita aje wakae kitako wasuluhishe. Akakataa. Alisema asiye na hatia hujitetea, na mimi sikutoa hata sauti. Bi Zuhura ndiye aliyeniletea maneno hayo. Kile tulichokiita heshima, wao walikisoma kama kukiri!

Habari hazikukaa. Wiki chache baadaye palikuwa na harusi Liverpool, nami nikaenda jikoni kusaidia kukunja sambusa. Nilipofika mlangoni nikawasikia ndani.

"Kamzalia Mzungu wa watu mtoto wa Mrundi!"

"Wacha we! Na Mzungu mwenyewe kalea miaka sita, kanunua na baiskeli!"

Wakaangua kicheko. Mrundi gani? Sikumjua hata mmoja! Niliingia, nikawaamkia, nikafunga aproni, nikakunja sambusa mpaka nyama ikaisha. Hakuna aliyenitazama usoni.

Lakini kilichonivunja hakikuwa hicho. Ron alituma ujumbe kwamba mtoto aache kutumia jina lao. Jioni ile Yusuf akaniuliza, kama sisi si Holloway, baba bado ni baba? Nikatoka nikaenda bafuni, nikafungulia maji ili asinisikie.

Hapo ndipo nilipokataa! Nilitafuta wakili, nikamwambia ninataka Greg na Yusuf wapimwe pamoja, baba na mtoto, wao wawili tu, kwa njia rasmi. Bi Zuhura aliona nimejidhalilisha. Nikamwambia, "Mama, nilikwisha kudhalilishwa. Sasa nataka mwanangu arudishiwe baba."

Wakapimwa. Yusuf ni mtoto wa Greg, bila shaka yoyote.

Greg alinipigia simu akilia, akasema anakuja. Hakuwa akinililia mimi. Alikuwa amefanya hesabu. Kama mtoto ni wake, na mtoto hana damu ya Ron, basi yeye mwenyewe...

Joyce alikuja kwangu kabla Greg hajafika. Alikaa kwenye ukingo wa kochi langu, hakuvua koti. Aliniambia yote bila kuniangalia. Alipokuwa kijana palikuwa na mwanamume mwingine, kwa muda mfupi, Ron akiwa kwenye zamu za usiku. Siku ile uani alijua, tangu sentensi ya kwanza ya Ron.

Nilimuuliza, mama, ulijua na ukagawa saladi?

"Sau, mpenzi," alisema, "wewe ulikuwa bado kijana. Nilidhani mtaachana kimya kimya, utapata mwingine. Mimi katika umri huu ningekwenda wapi?"

Nilidhani uchungu umefika mwisho. Haukuwa umefika! Greg alipokuja, alikuja na mkataba wa mama yake. Atarudi nyumbani, tutasahau, ila Ron asiambiwe kamwe. Moyo wake mbovu, atakufa. Maana yake nini? Maana yake kwa mzee yule nibaki mzinzi mpaka azikwe, na mwanangu abaki mtoto wa haramu, ili wao wanywe chai yao kwa amani!

Nilimsihi Greg aende mwenyewe akanitetee kwa baba yake. Aliinamisha kichwa. Alisema siwezi kumwomba amchome kisu mama yake. Mimi je? Kisu changu mlikihesabu?

Jumapili nilipanda treni peke yangu mpaka Quakers Hill. Walikuwapo wote watatu. Sikumtaja Joyce. Wallahi sikulitaja jina lake! Nilisimama mbele ya mzee Ron, nikasema, "Baba, sijawahi kuzini. Mtoto wangu ni mtoto wa Greg. Wamepimwa wote wawili, na Greg anajua."

Ron alinitazama. Akamtazama Greg, na Greg akatazama chini. Kisha, polepole sana, akageuza shingo kumwelekea mkewe.

Nikatoka.

Ron hakufa. Anaishi chumba cha nyuma, na Joyce chumba cha mbele. Greg alinitupia lawama zote, akasema nimeua familia yake, akanipa talaka, akaenda kufanya kazi migodini huko magharibi. Humpigia Yusuf simu. Mtoto huongea naye kidogo, halafu hunirudishia simu bila kuambiwa. Bi Zuhura alikuja akanishika mkono, akasema alinifunza alivyofunzwa. Sina kinyongo naye. Lakini binti yake anayeolewa mwaka huu, nimeomba nimfunde mimi.

Enyi mnaowalea mabinti, nawaomba, msiwafunge ulimi mkaiita heshima! Nanyi mlio ndani ya ndoa, mkizuliwa, semeni. Semeni hapo hapo, kwa vinywa vyenu, hata sauti ikitetemeka. Mimi nilimngoja mtu anijibie... na nilipochoka kungoja, nyumba ilikuwa tupu.