Mkufu Uliopotea Batasia

Mkufu wa bibi harusi ulikuwa umeshatoweka, na Mingma ameshaitwa mwizi na nusu ya watalii, Afisa wa polisi Binita Rai alipofika bustani ya Batasia, milimani Darjeeling, India. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali. Treni ndogo ilipita ikipiga honi, lakini hakuna aliyeitazama. Wote walikuwa wamekizunguka kibanda cha Mingma, anapokodisha nguo za kienyeji za kupigia picha.

"Afande, mtie pingu huyu!" alifoka Haradhan, mzee wa Kolkata, kofia ya sufu imemfunika mpaka masikioni, jasho likimtiririka. "Mpwa wangu kavua mkufu avae manguo yao, kauweka kwenye kikopo pale. Kugeuka, haupo!"

Binita hakuishangaa kofia. Wageni wa Kolkata, waoga wa baridi ya milimani, na kofia zao zile, Darjeeling nzima ilishawazoea.

"Mdogo wangu, sijaugusa," Mingma alisema. "Miaka yote niko hapa. Wakininyang'anya kibali leo, wanangu watakula mawe?"

"Tulia, dada."

Binita alipekua kibanda, akamwaga vikapu vya majani ya chai vya kupigia picha. Hola.

"Mnatafuta nini huko?" mzee alidakia. "Anao mwilini! Nimemwona kwa macho yangu akiutumbukiza kifuani, kwenye mkunjo wa nguo."

Watu waliguna. Mingma alivaa bakhu, gauni refu linalokunjwa kifuani, na kina mama wa milimani hutia humo pesa, biskuti, hata mtoto wa paka. Binita alijaribu kupenyeza vidole kwenye mkunjo ule. Havikuingia.

"Dada, mbona mkunjo umeshonwa?"

"Hii ya biashara, kama ninazokodisha. Mtu anaivaa juu ya suruali yake, namfunga kamba mgongoni, basi. Mtalii ana subira ya kukunja?"

Kumbe! Mzee kaona mkufu ukiingia pasipoingia hata sindano. Binita alimgeukia bibi harusi, Sudeshna, aliyekuwa akilia kwa kwikwi.

"Mkufu ulitengenezwa wapi?"

"Dhahabu ni ya bibi yangu. Mjomba ndiye aliyeipeleka kwa sonara. Ndoano imelegea, leo mchana tungeupeleka kwa sonara wa sokoni hapa. Mjomba hakutaka, mimi nikang'ang'ania."

"Nionyeshe picha za leo."

Katika simu, alfajiri kwenye kilima cha Tiger Hill, watu wanakotazama jua likichomoza, maharusi walikuwa wamejifunga mablanketi, pua nyekundu. Pembeni yao Haradhan, kichwa wazi, nywele zimepakwa rangi nyeusi tii na kuchanwa vizuri.

"Baridi yote ile, hakuvaa kofia?"

Sudeshna alicheka huku machozi yakimtoka. "Mjomba avae kofia? Aharibu nywele zake? Hiyo hata sijui kaitoa..." Akamtazama mjomba wake.

"Mzee, vua kofia," Binita alisema.

"Nina mafua!"

"Vua!"

Mkufu ulidondoka miguuni mwake. Umati ulipiga yowe.

"Haya, twendeni wote kwa sonara," Binita alisema. "Tukasikie ni wa nini."

Haradhan alikaa chini kwenye nyasi. "Ni shaba," alisema polepole. "Dhahabu niliiuza, duka langu lilikuwa linakufa. Nilitaka kuirudisha kabla hamjajua. Sonara angeniumbua leo leo."

"Na huyu mama?" Sudeshna aliuliza. "Ungemwacha afungwe?"

Mzee aliinamisha kichwa, nywele zimevurugika.

Sudeshna alimshika Mingma mikono yote miwili. "Nisamehe, mama. Na mimi nilikudhania."

Mingma alishusha pumzi, akacheka, akalia, akafuta pua kwa mkono wa bakhu. Binita naye alijisikia mwepesi, kama aliyetuliwa gunia la viazi. Alimshika mzee mkono wakaondoka. Nyuma yake alimsikia Mingma:

"Haya mwanangu, geuka nikufunge kamba. Hujamaliza picha zako."