Kiu ya Bi Verna

Siku ya kwanza nyumba ilinukia mvua, na mvua yenyewe haikuwepo.

Nayeli alisimama ukumbini, funguo mkononi, akanusa. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, na nje jangwa lilikuwa limekauka hadi ardhi imepasuka. Lakini ndani kulikuwa na ile harufu ya vichaka vya jangwani vinapopigwa na manyunyu ya kwanza. Aliifuata hadi kwenye kabati la makoti. Kabati lilikuwa tupu, na sakafu yake kavu.

"Unanusa?" alimuuliza mumewe.

Efrain akavuta pumzi kwa mbwembwe. "Nanusa vyumba vitatu," akasema. "Gereji ya watu haina harufu hii, mama Itzel."

Nayeli akacheka. Miaka mitano walikuwa wameishi kwenye gereji nyuma ya nyumba ya watu huko Los Angeles, na mtoto wao Itzel, mwenye pumu, alikuwa akikohoa usiku kucha. Sasa Griselda, dada mkubwa wa Efrain, alikuwa amewafungulia mlango. Alikuwa na nyumba hii katika mtaa mpya wa Mesa Serena, juu jangwani, kupita ule mlima unaogawa mji na nyika. Mwezi wa tatu alikuwa amerudi kuishi mjini, na nyumba akawapa wao kwa bei ya ndugu kwa ndugu. "Kaeni wiki moja muionje," aliwaambia. "Ijumaa msaini."

Uamuzi Efrain alimwachia mkewe. Yeye alikuwa fundi wa vigae, na kazi zake zote zilikuwa kule chini. Angekuwa barabarani kwa muda wa saa nne kila siku. "Wewe ndiye utakayekaa humu mchana kutwa," alimwambia. "Ukisema hapana, ni hapana, na sitanuna."

Usiku ule Itzel hakukohoa hata mara moja. Nayeli alikaa kando ya kitanda akisikiliza pumzi ya mwanawe ikiingia na kutoka bila mluzi, machozi yakimtiririka kwa furaha. Moyoni alikuwa ameshasaini.

Asubuhi jirani wa ng'ambo, mzee mmoja mwembamba aitwaye Harlan, aliwaletea kapu la matunda ya aprikoti. Alikuwa amezifuta vumbi moja moja, Nayeli aliliona hilo.

"Karibu, mama," alisema. Kisha akatazama kengele ya mlangoni. Ilikuwa ya aina ile yenye kamera na kipaza sauti, ambayo mwenye nyumba huweza kusema na mgeni bila kunyanyuka kitini. Jicho la kamera lilikuwa limezibwa kwa utepe mweusi.

"Aliziba yeye?" mzee aliuliza.

"Wifi yangu? Sijui. Tumeikuta hivyo."

Mzee akayaondoa macho kwenye utepe. "Jua la huku kali," alisema hatimaye. "Mtoto anywe maji sana."

Jumanne, saa sita mchana, kengele ililia.

Nayeli alikuwa jikoni akichambua maharage. Yeye ni mtu wa mji, na mtu wa mji hafungui kwa asiyemtarajia. Alimvuta Itzel akamfunika mdomo taratibu. Kwenye kile kioo kidogo cha ukutani kinachoonyesha picha ya kamera kulikuwa na weusi wa utepe tu. Kisha ikaja sauti, nyembamba, imekwaruza kama jani linaloburuzwa kwenye saruji.

"Kikombe kimoja tu, mwanangu. Nitakunywa hapahapa nje."

Nayeli alijua kwamba binti aliyelelewa vizuri angefungua. Lakini alikuwa peke yake na mtoto, naye alikuwa amesikia visa vingi vya watu waombao maji na kumbe wanataka vingine. Alinyamaza. Nje hakukusikika hatua zikiondoka. Baada ya muda mrefu alichungulia dirishani. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, haina hata kivuli.

Aliporudi jikoni, bakuli aliloloweka maharage lilikuwa kavu, na maharage yamejikunja.

Jumatano Itzel aliamka midomo imepasuka. Alikunywa kikombe, akaomba kingine, akaomba cha tatu, na kila alichokunywa kilikuwa kama kimemwagwa mchangani. Ilipofika saa nne ulimi wake ulikuwa mweupe na alilia bila machozi. Nayeli alimbeba kwa miguu hadi kliniki ya mtaani. Daktari, msichana mpole, alimtundikia mtoto chupa ya maji ya mshipani, akaenda kumwona mgonjwa mwingine, na aliporudi chupa ilikuwa tupu na mkono wa mtoto haujapata hata unyevu. Akaigonga chupa kwa kidole, akatundika nyingine. Ikawa vilevile.

"Mrudishe nyumbani apumzike," alisema bila kumtazama Nayeli machoni. "Kesho asubuhi nitapiga simu hospitali kubwa wampokee."

Saa sita, kengele ililia tena. Nayeli hakuthubutu kusogea. Harufu ya mvua ilitoka kabatini ikajaa ukumbini, ikaingia jikoni, ikakaa kooni, na kadiri ilivyonukia ndivyo koo lake lilivyokauka.

Alimpigia wifi yake.

"Ni hewa ya juu hiyo," Griselda alisema. "Mtazoea. Ijumaa usichelewe, yule bwana wa karatasi hapendi kungojeshwa."

"Wifi, kuna mtu anagonga kila siku saa sita mchana. Wewe alikuwa akikugongea?"

"Wewe umefungua?"

"Hapana."

"Vizuri. Saini, Nayeli. Nyumba ikiwa yako, kila kitu kitatulia." Akakata.

Neno lile, "vizuri," ndilo lililompeleka ng'ambo ya barabara, mtoto begani, miguu peku juu ya lami ya moto.

Mzee Harlan alifungua kabla hajabisha. Mlango wake haukuwa na kengele. Palibaki tundu na nyaya mbili zilizokatwa. Alimtazama mtoto, akakaa chini palepale kizingitini.

"Ilinipasa kusema siku ile ya aprikoti," alisema. "Niliona haya."

"Sema sasa, mzee wangu."

Akasema. Kabla ya mtaa huu kujengwa, mwisho wa barabara aliishi mjane mmoja, Bi Verna Stoddard, mwenye nyumba ya mbao na kisima cha marehemu mumewe. Walipokuja wajenzi walichimba visima virefu kwa ajili ya nyumba mpya na nyasi zake, na kisima cha bibi kikafa. Alikuwa akiletewa maji kwa gari. Mwaka jana, mwezi kama huu, gari lilichelewa siku tatu. Bibi akatoka kwa miguu, saa sita mchana, kuomba.

"Sisi tuko nyumba kumi na moja. Aligonga zote. Kila mmoja wetu alibonyeza kidude chake akamjibu pasipo kuonyesha uso. Mimi nilimwambia nina shughuli, ajaribu jirani. Nilikuwa natazama mpira, mama. Nilidhani jirani atampa. Kila mtu alidhani jirani atampa."

"Na wa mwisho?"

Mzee alielekeza kidevu kwenye nyumba ya Griselda. "Wifi yako alimwambia, 'Hakuna mtu hapa.' Yeye mwenyewe alinisimulia, akilia. Bibi akashuka ngazi, akaanguka kwenye nyasi zako zile, kando ya bomba la kunyunyizia. Bomba lile linajifungua lenyewe saa saba. Tulimkuta ameloa chapachapa, mdomo wazi, maji yakimwingia bila yeye kuyameza. Na kwa kuwa hakufia ndani ya nyumba, sheria haimlazimishi muuzaji kusema."

"Anataka nini?"

"Wale waliomjibu. Alipoanza kurudi kugonga baada ya kufa kwake, wengine walikauka wakafa, na hospitali ikasema figo. Mimi nilikata nyaya, nikamfungulia, nikamwambia usoni: ni mimi niliyekufukuza, nisamehe. Akanywa. Hajarudi tena." Akaufuta uso wake kwa kiganja. "Wifi yako nilimsihi afanye hivyo. Akaziba kamera. Akasema akipatikana mwenye nyumba mwingine, deni litakuwa la nyumba."

Usiku ule Nayeli alimwambia mumewe waondoke. Efrain alikuwa amechoka, macho mekundu kwa barabara. "Kesho jioni nikirudi tunaondoka," alisema. "Lakini gari ni moja, mama Itzel, na nikikosa kesho nimekosa kazi." Alimlowesha mtoto midomo kwa kitambaa hadi usingizi ulipomwangusha. Alfajiri akashuka mlimani. Hospitali ikapiga simu kusema kitanda kitakuwa wazi jioni.

Alhamisi, saa tano na nusu, Itzel aliacha kulia. Alilala sakafuni palipo baridi, mwepesi, kope zake zikigandamana. Nayeli alijaza jagi, akaweka kikombe cha udongo alichoachiwa na mama yake, akafungua mlango wa mbele wazi kabisa, akangoja.

Hakumwona akija. Barabara ilikuwa tupu, kisha bibi alikuwa juu ya ngazi, amevaa gauni la maua lililoloa na kumgandama, maji yakimdondoka nywelini bila kufika chini, na uso wake, ah, uso wake ulikuwa umekauka kama tope la bwawa lililokufa, umekatika vipande vipande, na kila alipovuta pumzi vile vipande viliachana na ndani yake hakukuwa na damu wala nyama bali vumbi, vumbi jekundu la jangwa lililomwagika polepole kizingitini.

"Kikombe kimoja tu," alisema.

Nayeli alimpa kwa mikono miwili. "Jumanne nilinyamaza, bibi. Nisamehe. Nilikuogopa."

Bibi alikipeleka kikombe mdomoni. Maji yakageuka mchanga. Akakirudisha kwa adabu, kama mgeni aliyeshiba.

"Si wewe," alisema. "Wewe ulinyamaza. Mimi naitafuta ile sauti. Sikuuona uso, nilisikia sauti tu. Iliishi humu. Nipe, nikupe mtoto."

Hapo Nayeli aliyakumbuka yote, maana moyo wake ulikuwa mwepesi wa kukumbuka wema. Griselda ndiye aliyemshika mkono siku Itzel alipozaliwa, kwa saa kumi na tisa mfululizo, bila kula. Ndiye aliyenunua kitanda cha kwanza. Akatoa simu mfukoni. Nipe nafasi nimwokoe na yeye, alijisemea. Akapiga, na kabla haijapokewa kidole chake kiliwasha spika. Kidole kilijua kilichokuwa kikifanya.

"Una maneno gani tena leo?" Griselda alisema.

"Wifi, njoo huku juu. Sasa hivi. Mwambie bibi wa watu ni wewe, umwombe radhi. Basi. Itzel anakufa."

Nayeli alisikia wifi yake akimeza mate.

"Siwezi," Griselda alisema kwa sauti ya chini. "Sikiliza, usilie. Kesho saini tu. Halafu na ninyi muiuze haraka, muuzieni watu wengine msiowajua. Hivyo ndivyo mtakavyopona."

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea simu kama mama asikilizaye mtoto wake akiongea usingizini. Vile vipande vya uso vilikuwa vikikutana, kimoja kimoja.

"Ndiyo hiyo," alisema.

Kizingiti kikawa kitupu. Nyuma ya Nayeli, Itzel akakohoa, akaomba maji, na maji yakamshuka kooni kwa sauti ambayo mama yake hakuwahi kusikia nyingine tamu kama hiyo.

Na kwenye simu, huko mjini, ghorofa ya tatu, maili tisini chini ya mlima, kengele ililia.

"Subiri," Griselda alisema. "Kuna mtu mlangoni."

"Wifi, fungua. Usimjibu kwa kidude. Fungua mlango, mtazame usoni, mwambie ni wewe. Anasamehe, wifi. Mzee Harlan alisamehewa. Nakuomba, fungua."

Alisikia nyayo za wifi yake zikikaribia mlango, zikisimama. Alimsikia akipumua. Kisha akasikia ule mlio mdogo wa kidude kinapobonyezwa, na sauti kavu, ya haraka, ikisema ilichozoea kusema.

Baada ya hapo hapakuwa na mayowe. Lilifunguliwa bomba, likafunguliwa la pili, na la bafuni, na maji yakamwagika na kumwagika, na katikati ya maji kulikuwa na mtu akinywa, akinywa kwa pupa, akivuta pumzi na kunywa tena, hadi ule unywaji ukawa mkwaruzo, na mkwaruzo ukawa kama mchanga unaomiminwa kwenye sufuria. Nayeli hakukata simu. Alisikiliza mpaka mwisho, mwanawe mapajani akimeza kikombe cha nne.

Walimkuta Griselda jikoni kwake jioni ile, mabomba yote wazi, sakafu imefurika. Daktari aliandika figo.

Hakuwa na mume wala mtoto. Nyumba ya Mesa Serena ikamwangukia ndugu yake. Baada ya mazishi Efrain alikaa ukingoni mwa kitanda, Itzel amelala nyuma yake, pumzi ikiingia na kutoka bila mluzi.

"Nilikuachia uamue," alisema. "Bado ni wewe. Turudi gerejini au tuhamie?"

Nayeli alimtazama mtoto. "Tuhamie," alisema.

Efrain akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza lile alilokuwa akiliogopa siku zote hizo. "Simu yake inaonyesha wewe ndiye wa mwisho kuongea naye. Alisema nini?"

"Alimuulizia Itzel," Nayeli alijibu. "Alitaka apone."

Efrain alilia kwa nafuu, kimya, asimwamshe mtoto. Akauchukua mkono wa mkewe, ule ulioishika simu, akaubusu, akamshukuru kwa kumpenda dada yake.